Vyombo vya Udongo vya Wamoche na Sura Zilizofinyangwa Juu Yake

Sisi tufundishao twazoea kuzitafuta desturi za watu katika maneno yao: katika mithali, hadithi, majina wanayowapa watoto, na maneno yanenwayo arusini na matangani. Lakini wako watu ambao maneno yao yamepotea yote, wala hawakuacha hata herufi moja, na huku wamejieleza kwa wingi kuliko mataifa mengine yenye vitabu. Hao ni Wamoche wa pwani ya kaskazini ya Peru, katika Amerika ya Kusini. Walistawi kadiri ya tangu karne ya pili baada ya kuzaliwa kwake Kristo hata karibu na mwaka 800. Walitumia udongo wa mfinyanzi mahali pa kalamu.

Tumekusudia kueleza vyombo hivyo vilivyo na jinsi vilivyofanyizwa. Na zaidi ya hayo, namna wataalamu walivyojifunza kuvisoma. Katika kuvisoma wamekosea mara kadha wa kadha, na makosa yao yatuhusu sisi pia, kwa kuwa kila mwezi twajaribu kueleza desturi za watu wengine.

Nchi ya Wamoche ni jangwa. Mvua haionekani huko ila kwa nadra, kwa sababu bahari ya upande ule ni baridi sana, na mvuke wake huwa ukungu tu. Lakini mito mifupi hushuka kutoka milima ya Andes na kulikata jangwa lile, na katika mabonde yake Wamoche walichimba mifereji mirefu, wakalima mahindi, maharagwe, pamba, maboga, pilipili, mihogo na karanga. Wengi wetu twadhani mahindi, mihogo na karanga ni vyakula vya babu zetu tangu awali. Kumbe asili ya vyote vitatu ni Amerika, navyo vililetwa pwani yetu baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Basi mwalimu atakayeonyeshwa picha ya chombo cha Kimoche kilichofinyangwa kwa mfano wa mihogo, atakitambua chakula chake kabla hajamtambua mfinyanzi.

Mara moja kwa miaka kadha bahari ile huwa na joto, samaki hukimbia, na mvua kubwa huanguka juu ya nchi isiyojua mvua. Mifereji huvunjika, kuta za udongo huyeyuka. Wavuvi wa Peru huiita hali hiyo El Niño, maana yake Mtoto, yaani Mtoto Yesu, kwa kuwa huja karibu na Noeli. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana litarudi.

Zamani ilidhaniwa kwamba Wamoche walikuwa na mfalme mmoja. Siku hizi wataalamu wengi husema kwamba kila bonde, au mabonde machache pamoja, lilikuwa na wakuu wake, bali dini yao na ustadi wao vilikuwa vimoja. Jina Moche ni la bonde moja karibu na mji wa Trujillo. Huko zimesimama huaca mbili kubwa. Neno huaca ni la Kikechua, na maana yake ni mahali au kitu kitakatifu; tukilitafutia neno la kwetu, lililo karibu ni mzimu, kwa maana yake ya zamani ya mahali pa kutolea sadaka. Huaca hizo, ambazo Wahispania waliziita ya Jua na ya Mwezi, ni vilima vilivyojengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Huaca ya Jua pekee yakisiwa kuwa ilikuwa na matofali zaidi ya 130,000,000, na mengi yana alama, zaidi ya namna 100, ambazo labda zilionyesha kundi gani la watu lilileta matofali gani. Leo sehemu ndogo tu imebaki. Mwanzoni mwa karne ya 17 Wahispania waliugeuza mto wa Moche uipige huaca ile, ili uwaoshee dhahabu iliyomo ndani.

Sasa tuje kwa vyombo. Tulipoanza kuandika tulishindwa na jina. Chungu si neno lake, maana chungu ni cha kupikia. Mtungi ni mkubwa mno, nao huwekwa nyumbani kwa maji. Gudulia na kuzi ni karibu zaidi, kwa kuwa vina shingo nyembamba. Basi tutasema gudulia. Gudulia la Kimoche lililo bora lina tumbo lililofinyangwa kwa mfano wa mtu, mnyama, mmea au nyumba. Na juu yake umewekwa mrija uliopindwa kama upinde, ncha zake mbili zikiingia tumboni, na katikati ya upinde shingo moja yasimama wima. Wazungu waliufananisha na kikuku cha kupandia farasi, ijapokuwa Wamoche hawakupata kumwona farasi, na sisi tutaliita gudulia la kikuku. Umbo hilo lilikuwako pwani ile miaka elfu na zaidi kabla ya Wamoche. Faida yake ni nini? Maji hayamwagiki upesi, wala hayakauki upesi, na mkono hushika upinde kwa urahisi. Lakini kwa faida hizo tu watu wasingalijisumbua miaka elfu mbili kutengeneza kitu kigumu namna ile. Twaona umbo lenyewe lilikuwa na heshima yake, kama kanzu ya ibada ilivyo na heshima yake ijapokuwa shati lingetosha kumfunika mtu.

Mfinyanzi hakuwa na gurudumu. Alifanya kwanza kielelezo cha udongo, akakichonga kwa uangalifu, akakikausha. Kisha alikifunika kwa udongo mwingine, akaukata ule wa nje vipande viwili, akavitoa, akavichoma motoni: hivyo akapata kalibu. Ndani ya kila nusu ya kalibu alibandika udongo kwa vidole, akaziunganisha nusu mbili, akalainisha maungio, na mwisho akatia kikuku. Ndiyo sababu katika magudulia mengine, ukichungulia kwa taa, alama za vidole vyake zaonekana ndani hata leo. Rangi zilikuwa chache: udongo mweupe wa maziwa na udongo mwekundu, ulioyeyushwa majini ukapakwa kabla ya kuchoma, kisha ukasuguliwa kwa kokoto hata ukang'aa. Katika miaka ya baadaye mafundi walichora kwa mistari myembamba sana ya wekundu juu ya weupe, na michoro hiyo huzunguka tumbo zima la gudulia, hata msomaji hana budi kulizungusha mkononi ili aifuate habari.

Kwa kuwa kalibu moja yaweza kutoa vyombo vingi, sura ile ile huonekana mara nyingi, kila mara imepakwa rangi kwa namna nyingine kidogo. Viwanda vya wafinyanzi vimechimbuliwa, kama kile cha Cerro Mayal katika bonde la Chicama, na kalibu zilizovunjika zimepatikana humo kwa wingi.

Mtu wa kwanza kuchimba huko kwa utaratibu wa elimu alikuwa Mjerumani, Max Uhle, aliyefanya kazi chini ya huaca mbili za Moche mwaka 1899. Lakini aliyewajulisha Wamoche kwa ulimwengu ni Rafael Larco Hoyle, mwana wa wenye mashamba ya miwa ya Chiclín, aliyeanzisha nyumba yake ya makumbusho mwaka 1926. Baadaye vitu vyake vilihamishiwa Lima, na huko vipo mpaka leo. Mwaka 1948 alitangaza kwamba umri wa gudulia hujulikana kwa kikuku chake. Katika yale ya kwanza shingo ni fupi na mdomo una ukingo mnene; kisha ukingo hupungua; kisha shingo hupanuka juu; halafu huwa ndefu na kusimama wima; na katika yale ya mwisho hupunguka kuelekea juu. Kwa mabonde ya kusini hesabu hiyo yafaa hata sasa, ijapokuwa kaskazini imewabidi wataalamu kutafuta nyingine.

Mambo yaliyofinyangwa hayahesabiki. Wako bundi, mbweha, paa, chura, kaa, bata, mwari, lama, na sili wakipigwa marungu ufukweni. Viko viazi vyenye nyuso, na mahindi yatokayo ndani yake kichwa cha mtu. Yuko mama azaaye, akishikwa mgongo na mkunga. Wako wavuvi wakipanda vyombo vya matete vilivyofungwa kama mganda, ncha ya mbele imeinuka. Na wavuvi wa Huanchaco, karibu na Trujillo, huingia baharini kwa vyombo kama hivyo hata leo. Liko gudulia lipigalo mluzi maji yakitikisika ndani. Viko pia vyombo vionyeshavyo waziwazi mambo ya mume na mke, ambavyo hatutavieleza hapa. Twasema tu kwamba vilizikwa pamoja na wafu, na katika baadhi yake mmoja wa wale wawili ni kiunzi cha mifupa. Aliyevidhania kuwa mchezo wa walevi hakutazama vema.

Hapa ndipo makosa yalipoanza. Mtu akiona vitu vingi namna hii husema mara moja: hawa walifinyanga kila walichokiona, na makabati haya ni picha ya maisha yao yote. Ndivyo vitabu vya kwanza vilivyosema. Lakini ukihesabu yasiyoonyeshwa, utashangaa. Wamoche waliishi kwa kilimo, lakini ni vigumu sana kumpata mtu alimaye. Mwanamke apikaye haonekani ila kwa nadra mno. Uwindaji wa paa upo, bali wawindaji wamevaa mavazi ya fahari ambayo mtu hangekwenda nayo porini kutafuta kitoweo. Basi wafinyanzi walichagua. Walionyesha mambo waliyoyaona makubwa, wakaacha mengine, kama mtu ambaye angejua habari zetu kwa sanamu za kanisani tu, asingejua kwamba tuna jembe na jiko.

Kosa la pili lilikuwa la tabibu. Viko vyombo vya watu vipofu, watu wasio na nyayo, na watu ambao pua na midomo imeliwa hata meno yaonekana. Matabibu walifurahi, wakasema hiki ni kitabu cha maradhi. Na kweli, ugonjwa wa kula pua na midomo upo katika mabonde ya Peru, huitwa uta, na huenezwa na wadudu wadogo kama usubi. Hata miguu iliyokatwa si uzushi: mifupa ya Wamoche imepatikana ambayo nyayo zilikatwa nao wakapona, wakaishi. Lakini watu hao wenye pua zilizoliwa mara nyingine huonyeshwa wakipiga ngoma, au wakiwa pamoja na wafu. Tabibu aliitambua ndui ya pua, tuseme hivyo, asiulize yule mtu alikuwa akifanya nini.

Kosa la tatu ni la Larco mwenyewe, nalo latuhusu sisi watu wa lugha. Katika michoro mingi wako wapiga mbio, nao wamebeba vifuko vidogo mikononi. Pengine maharagwe makubwa bapa yametawanyika kati yao, yenye mistari na madoa, na pengine maharagwe hayo yana vichwa na miguu, nayo yapiga mbio au yapigana vita. Larco akasema: haya ni maandishi, kila haragwe lilichorwa alama, wajumbe wakayachukua kutoka mji hata mji. Lilikuwa wazo zuri, na twamwelewa, maana mtu aliyewapenda watu fulani maisha yake yote huona uchungu kuwaambia wengine kwamba hawakujua kuandika. Walakini wengi hawakukubali. Husemwa sasa kwamba huenda ilikuwa bao au ramli. Hakuna haja ya maandishi ili watu wawe na akili, wala haifai kuwatafutia maandishi kwa nguvu ili tupate kuwaheshimu.

Vyombo vipendwavyo kuliko vyote ni vile vya vichwa vya watu. Hivi si sura za mtu yeyote tu, bali za mtu fulani: huyu ana mashavu manene, yule jicho moja dogo, huyu acheka, yule amekunja uso. Ni za wanaume, na wachache ni watoto. Za wanawake hazionekani. Vilemba vyao, mapambo ya masikio na rangi za uso hubadilika, lakini uso ni ule ule. Bwana Christopher Donnan wa Marekani alivikusanya kwa picha mamia ya vichwa hivyo, akavilinganisha, akagundua watu walioonyeshwa mara nyingi tangu ujana wao. Mmoja ana kovu juu ya mdomo upande wa kushoto. Jina lake halijulikani, na Donnan alimwita Mdomo Uliokatwa. Zimepatikana sura zake zaidi ya 40. Katika nyingine ni mtoto bado. Katika nyingine ni kijana. Katika nyingine ni mtu mzima mwenye macho mazito. Hatujui taifa lingine la Amerika ya kale lililomfuata mtu mmoja namna hii kwa udongo, mwaka baada ya mwaka.

Basi, kwa nini? Ili kujibu hatuna budi kugeukia michoro ya vita. Katika michoro hiyo wapiganaji wamevaa kwa fahari, hupigana wawili wawili, kwa marungu. Mshindi humshika mshinde nywele, na kumpiga puani hata damu itoke. Kisha humvua nguo na mapambo, huyafunga pamoja na silaha zake juu ya rungu lake mwenyewe, humtia kamba shingoni, na kumwongoza uchi. Hakuna mji uchomwao, wala nchi itwaliwayo. Viko vyombo vya sanamu za mateka hao waliokaa, mikono imefungwa nyuma, kamba shingoni. Na nyuso zao ni za watu wa heshima.

Mwisho wa njia yao wajulikana kwa mchoro mmoja ambao Donnan aliueleza katika miaka ya 1970, akitumia hasa gudulia lililoko Munich. Chini, mateka hukatwa koo, na damu yao hukingwa. Juu, watu wakubwa wanne wamesimama, na kikombe kirefu hupita kati yao. Wa kwanza ana kofia yenye hilali kubwa, na miali hutoka mabegani mwake. Miguuni pake yuko mbwa. Wa pili ni nusu mtu, nusu ndege. Wa tatu ni mwanamke, na kichwani mwake mmesimama mashada mawili. Donnan alionyesha kwamba vyombo vingi vilivyodhaniwa kuwa habari mbalimbali vilikuwa vipande vya habari hii moja: huyu ameonyesha kikombe tu, yule mwanamke tu, yule mbwa tu. Ni kama mtu akiona nyota, punda, na hori la kulishia mahali mbalimbali, asijue kwamba vyote ni vya habari moja mpaka aelezwe.

Lakini je, wale wanne walikuwa miungu, au watu? Wengi walidhani ni hadithi ya miungu. Mwezi wa Februari mwaka 1987 wezi wa makaburi walivunja huaca moja karibu na kijiji cha Sipán, katika bonde la Lambayeque, wakatoa dhahabu, wakagombana juu yake. Polisi walipata habari, wakamwita Walter Alva, mkuu wa makumbusho ya Lambayeque. Alva alikaa mahali pale pamoja na wenzake wachache, wakilindwa kwa bunduki, kwa maana wanakijiji waliona wamenyang'anywa mali yao. Akachimba polepole, akafikia kaburi ambalo wezi hawakuligusa. Ndani alilala mwanamume mmoja pamoja na watu waliozikwa naye, na mbwa. Juu yake ilikuwako ile hilali ya dhahabu. Yalikuwako mapambo ya masikio, njuga, fimbo ya cheo, vyote kama vilivyochorwa juu ya gudulia. Shingoni alikuwa na mkufu wa karanga kubwa 20 za madini, 10 za dhahabu upande wa kuume na 10 za fedha upande wa kushoto. Karibu naye ilikuwako ghala ya magudulia na vyombo vingine vya udongo zaidi ya 1,000. Alikuwa yule wa kwanza wa mchoro. Katika kaburi la pili alipatikana yule wa ndege.

Mwaka 1991, huko San José de Moro katika bonde la Jequetepeque, Donnan na Luis Jaime Castillo walichimbua kaburi la mwanamke. Kofia yake ilikuwa na mashada mawili ya shaba iliyopakwa fedha, na kikombe kirefu kilikuwa pamoja naye. Tangu hapo wengine kama yeye wamepatikana mahali pale pale. Kaburi la Moro ni la karne kadha baada ya lile la Sipán. Basi wale wa mchoro hawakuwa watu wanne walioishi siku moja. Ni vyeo, na kila alipokufa mwenye cheo mwingine alivikwa mavazi yale.

Bado watu wengine walisema labda kuchinja kulikuwa mchezo wa kuigiza. Mwaka 1995 Steve Bourget alichimba ua mmoja wa Huaca ya Mwezi, akakuta mifupa ya wanaume zaidi ya 70, vijana na watu wazima wenye nguvu, shingo zao zina alama za kisu. Wengine walikuwa wamelala ndani ya matope yaliyogandamana, na matope hayo yaliyeyushwa na mvua kubwa kutoka kuta za huaca. Hapa ndipo El Niño irudipo. Pamoja nao zilikuwako sanamu za udongo mbichi za mateka walio uchi, wenye kamba shingoni, nazo zilivunjwa makusudi. Na mwaka 1998 kulitangazwa habari ya uchunguzi wa kikombe kimoja ambacho mabaki ya ndani yake yalionekana kuwa damu ya mwanadamu.

Wasomaji wetu walio mapadre na wachungaji watakumbuka mara moja kikombe kingine. Sisi tungewasihi wasifanye haraka kufananisha, wala kwa kusifu wala kwa kulaani. Maana wale mapadre wa zamani waliofananisha upesi ndio waliotuharibia ushahidi mwingi. Twatoa mfano mmoja. Katika vyombo yuko mtu mwenye meno ya chui, amejifunga mshipi wa nyoka, ashika kisu kwa mkono mmoja na kichwa kilichokatwa kwa mkono wa pili. Katika vitabu vingi ameitwa Ai Apaec. Jina hilo alipewa na Larco, naye alilitoa katika Kimuchik, lugha ambayo padre Fernando de la Carrera wa Reque aliiandikia sarufi mwaka 1644. Maana yake ni Mfanyaji. Basi neno la lugha iliyoandikwa miaka 800 baada ya Wamoche kutoweka, katika kitabu cha padre aliyefundisha habari ya Muumba, limebandikwa juu ya mkata vichwa ambaye jina lake hatujui. Wenye kutafsiri katekisimu watafahamu hatari ya jambo hili kuliko sisi tuwezavyo kulieleza.

Lakini padre na vitabu pengine hutusaidia pia. Yako magudulia machache, na ukuta mmoja uliochorwa katika Huaca ya Mwezi, ambapo vitu vya watu vimeota mikono na miguu, navyo vyawafukuza watu: kofia za vita, mishipi na marungu huwakamata wanadamu na kuwavuta uchi kama mateka. Hakuna aliyeelewa, mpaka ilipokumbukwa habari moja katika maandiko ya Kikechua ya Huarochirí, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 17 chini ya Francisco de Ávila, padre aliyezitafuta dini za wenyeji ili azing'oe. Humo wazee wasimulia kwamba zamani jua lilikufa, giza likawa siku tano, na ndipo vinu na mawe ya kusagia vilipowala watu, na lama wakawafukuza wanadamu. Hivi Ávila alikiandikisha kitu alichotaka kife, nacho kimeishi kwa sababu yake.

Tungetamani angalitangulia mtu kama askofu Baltasar Jaime Martínez Compañón. Huyu alikuwa askofu wa Trujillo katika miaka ya 1780, akaizunguka dayosisi yake yote, akachoresha picha za watu, mimea, ngoma, na mambo ya kale, zikajaa vitabu tisa. Alipeleka Hispania magudulia mamia, ambayo yako Madrid hata leo. Tena alifanya orodha ya maneno 43 katika lugha nane za nchi ile. Lugha za baadhi ya vijiji vile, kama Sechura na Colán, zimekwisha kufa, wala habari zake nyingine hazipatikani ila chache mno. Zimebaki kwa orodha ya askofu. Mwalimu asemaye kwamba hana wakati wa kuandika maneno ya kijiji chake na ahesabu: maneno 43 tu.

Wamoche wenyewe walikwisha polepole. Ukame na mafuriko ya karne ya sita yaliwadhoofisha, bonde hili likaacha desturi mapema, lile likachelewa, na karibu na mwaka 800 ufinyanzi wao ulikuwa umebadilika kuwa mwingine. Baada yao walikuja Wachimú, kisha Wainka, na mwaka 1532 Wahispania.

Magudulia yaliyo Lima katika nyumba ya Larco yamepangwa rafuni, na ghala yake hufunguliwa kwa wageni, wapate kuona nyuso kwa nyuso, safu juu ya safu. Vingi vya vyombo vya namna hii, huko na katika miji ya Ulaya na Marekani, vilitolewa na wezi wa makaburi au kununuliwa kwao, bila mtu kuandika vilikuwa karibu na nani, wala juu ya kifua cha nani. Ndivyo ilivyo kwa yule mwenye kovu la mdomo. Twamwona akiwa mtoto, twamwona akiwa kijana, na Donnan alidhani kwamba mwisho wake ulikuwa ule wa mateka. Wengi wa watu wa sura hizo, kwa maoni yake, walikuwa wapiganaji wa zile vita za marungu. Kaburi lake, kama alipewa kaburi, halikupatikana.